Chini ya Dirisha la Khaloo Asya

Safari hii ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu tangu turudi kila mtu hapa Maskati ana maelezo yake, na nikiingia harusini au msibani nakuta watu wanayajua mambo yangu kuliko mimi. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwepo.

Mwaka mzima nimefanya kazi bila likizo. Joto la mwezi wa saba mnalijua wenyewe: usukani wa gari haushikiki, na bomba la maji baridi linatoa maji ya kutilia chai. Nikamwambia mume wangu Nassor, "Mwaka huu nataka pahala penye maji na baridi, nisimpikie mtu, nisimtembelee mtu." Nikachagua Amsterdam. Nilishaona picha zake: mifereji inapita katikati ya mji, nyumba za zamani kandokando, na mashua zinakwenda taratibu na watu wamekaa ndani hawana la kufanya. Hilo la kukaa bila la kufanya ndilo lililonivuta. Siku nne tu, mimi na Nassor na watoto wetu, Salma na Haitham. Mama angebaki mtaa wa Qurum kwa kaka yangu.

Mama akasikia. Nani aliyemwambia sijui mpaka leo, lakini nnamshuku Nassor, maana hana siri kwa mama mkwe wake.

"Amsterdam si ndiko aliko Asya?" akaniuliza Mama, huku akitoa tende kokwa kama mtu asiyekuwa na habari.

Asya ni mdogo wake, khaloo yangu. Aliolewa Unguja na baharia, wakahamia Uholanzi mimi sijazaliwa, na huko ndiko alikozeeka. Mumewe alifariki mwanzo wa mwezi wa tano. Mama wakati ule alikuwa amelazwa kwa magoti yake, hakuweza kwenda, akatoa taazia, pole yake ya msiba, kwa simu, na tangu siku hiyo amekuwa akisema kwamba taazia ya simu si taazia.

"Mjane yuko peke yake," aliniambia. "Hapa kwetu mtu akifiwa na mume nyumba inajaa wanawake. Asya nani anakaa naye? N'nataka kumuona tu, mwanangu. Nimkumbatie, basi."

Ningesema nini? Likizo yangu ikaingia mtu wa tano.

Uwanja wa ndege wa Maskati tulifika mapema kuliko wafanyakazi wenyewe, kwa sababu Mama haamini ndege kwamba itamsubiri. Alikuwa na halwa, kahawa iliyokwisha kusagwa, mikate ya ufuta aliyoioka kwa mkono wake, na fimbo yake. Akawekwa kwenye kiti cha magurudumu, akasukumwa mbele ya foleni zote, na kila afisa aliyetukagua alipata dua na swali la ukoo wake. Kwa wawili kati yao aligundua udugu. Mimi nyuma nimebeba mikoba.

Ndani ya ndege nilikaa kati yake na Haitham. Kila nikifumba macho ananigusa: "Asya anapenda halwa ya zafarani au nyeusi?" Mama, wewe ndiye dada yake, mimi nitajuaje?

Amsterdam tulifika mchana, mvua ya rasharasha na baridi tamu kabisa. Sasa Nassor, bila ya kuniuliza, alikuwa kakodi gari la watu saba, kwa vile kwake safari bila gari si safari. Sisi ni watu wa Khuwair ya Kusini hapa Maskati, tunapanda gari hata kufuata mkate. Mkijaaliwa kwenda, nakusihini, msifanye hivyo. Njia za kandoni mwa mifereji zina upana wa gari moja, upande huu ukuta, upande huu maji, na baiskeli zinakuja mbele na nyuma na wenyewe wana haki zote. Kibibi mmoja aliyepakia maua kwenye baiskeli yake alitupigia kengele mpaka Nassor akatoka jasho. Tulizunguka mtaa uleule hata Salma akaanza kuwasalimia watu wa mkahawani kwa mkono. Mwisho gari likaachwa kwenye gereji nje ya mji, likalala huko siku zote nne, na sisi tukarudi kwa tramu.

"Si tunalo lakini, likihitajika," alisema Nassor. Nikamtazama tu.

Alasiri hiyohiyo, kabla sijafungua hata sanduku hotelini, Mama alikuwa kashajitanda yuko mlangoni. Kheri nyumba ya Khaloo haikuwa mbali, daraja moja tu. Ni nyumba nyembamba ya matofali, ghorofa tatu, imebanwa na wenziwe, na mbele yake mfereji. Nzuri, siwezi kusema uongo. Khaloo anakaa juu kabisa. Tulibonyeza kengele, mlango ukafunguka wenyewe, na hapo ndipo nilipoiona ngazi.

Ile haikuwa ngazi ya nyumba, ilikuwa ngazi ya kupandia darini. Imesimama wima, vidato vyembamba havitoshi unyayo, na pembeni kamba ya kushikia. Inaanzia palepale mlangoni. Mama aliitazama kutoka chini mpaka juu.

"Aliyeijenga hii," akauliza, "alikuwa na ugomvi na nani?"

Juu kabisa gizani ikasikika sauti nyembamba: "Dada? Dada, ndo wewe?"

"Ndo mimi, Asya! Shuka!"

"Sishuki, Dada. N'nakaa eda."

Kwa wasioijua, eda ni ule muda anaokaa mjane wa Kiislamu baada ya kufa mumewe, miezi minne na siku kumi, katika nyumba aliyomwachia, hatoki ila kwa haja. Khaloo alikuwa katikati yake. Mimi nikaona hilo si tatizo. Nikapanda mbio mpaka juu, nikamkuta kasimama nyuma ya kizingiti, mdogo, kakonda, kavaa nyeupe. Tukakumbatiana, tukalia. Kisha nikamwambia:

"Khaloo, shuka mpaka kidato cha chini tu. Nje hutoki. Magoti ya Mama hayapandi."

"Mlango wangu ni huu hapa, mwanangu. Ngazi njia ya watu. Ghorofa ya kwanza kuna mwanamume, ya pili kuna mwanamume."

"Lakini hata masheikh wanasema mjane akiwa na haja anatoka."

"Haja gani? Mkate ananiletea mwanangu Khamis kila Jumamosi. Mimi sina haja."

Nimekulia Maskati, nimeona wajane wengi wakikaa eda, wakenda hospitali, wakenda benki, na hakuna aliyewasema. Huyu kaishi Ulaya umri wote na eda yake ni ile aliyoiona kwa bibi yake utotoni, haikupungua hata uzi. Nikashuka kumwambia Mama amlazimishe. Mama aliponisikiliza akatikisa kichwa.

"Asya ana haki. Muache."

"Mama, wewe uko upande gani?"

"Upande wa haki."

Khaa! Mmoja hawezi kupanda, mwengine hataki kushuka, na wote wawili wamekubaliana kuwa mkosa ni mimi. Mama alijaribu vidato vitatu, goti likamwambia hapana, akarudi kinyumenyume kanishika shingo nusura aing'oe. Tukatoka nje. Dirisha la juu likafunguliwa, na Khaloo, kajifunika kanga ukaonekana uso nusu, akainama kumtazama dada yake aliyesimama chini kandoni mwa maji.

"Umenenepa, Dada," akasema.

"Na wewe umekwisha," akajibu Mama. Wakaanza kulia, mmoja juu mmoja chini.

Jirani wa chini, mama mmoja mrefu wa Kiholanzi jina lake Hanneke, alitoka kuona kuna nini. Nilimweleza kwa Kiingereza. Aliingia ndani akarudi na kiti cha mto akamweka Mama kandoni mwa ukuta, kisha akaleta kahawa na biskuti moja. Moja! Mama akaigeuza, akaniuliza kwa Kiswahili kama nyumba hii ina shida. Nikamwambia ndivyo walivyo. Akamfungulia Hanneke kopo la halwa, akamkatia pande la kushiba watu watano, na kutoka hapo wakawa marafiki wasioelewana hata neno.

Siku ya pili nilikuwa nimekata tiketi za mashua za asubuhi. Mashua yangu! Mama akasema, "Nendeni, mimi nipelekeni kwa Asya." Nimwache mama yangu kandoni mwa mfereji na magoti yale? Nassor akaenda na watoto, mimi nikabaki. Khaloo alikuwa kashaamka na akili yake. Aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, kama wanavyofanya watu wa maghorofani Mji Mkongwe anapopita muuza mikate. Mama akatia halwa, kikapu kikapanda. Kikateremka na birika la chai ya mchaichai. Mama akatia mikate ya ufuta, kikapanda. Khaloo akaiuma, akapiga kelele, "Hujaacha kutia chumvi nyingi!"

Na mazungumzo? Kwa vile mmoja yuko ghorofa ya tatu na mwengine masikio yake yamezeeka, siri zote za ukoo wetu zilisemwa kwa sauti ya adhana. Nani alimwacha nani, nani alizaa lini, kaka yangu alivyokosana na mkewe. Nilishukuru kwamba hakuna anayeelewa. Mashua za watalii zikipita, watu waliokuja kutazama majumba wakageuka kututazama sisi, wakatupiga picha. Katika mashua moja nikamuona Nassor na watoto, wamekaa raha mstarehe, wananipungia mkono. Haitham anakula aiskrimu.

Nassor aliporudi akaja na rai. Juu ya kila nyumba ya huko kuna mti umetokeza na kulabu, na Hanneke alimweleza kwamba ngazi zao hazipitishi makabati, kwa hiyo vitu vizito huvutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Nassor akaitazama kulabu, akamtazama Mama, akaitazama tena kulabu.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Nnasema tu. Piano inapanda."

"Kamba yenyewe nzima?" akauliza Mama.

"Mama!"

Nikapendekeza tutafute vijana wawili wambebe kwa kiti. Hapo Mama akakasirika kweli. "Nibebwe na wanaume wageni? Hilo nimeliweka akiba ya jeneza." Nikampigia simu Khamis, mtoto wa Khaloo, anakaa mji mwengine. Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuchoka. Kwake kuna chumba cha chini tayari, kamsihi mama yake tangu siku ya mazishi, na jibu ni moja: eda inakaliwa nyumba ya mume. Akaniambia anakuja kila Jumamosi na kila akija anamkuta kapungua.

Jioni ile, mashua zimepungua na Hanneke kaingia kwake, Mama akauliza, "Asya, unalala?"

"Silali, Dada. Nikifumba macho nasikia anafungua mlango."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi, niliyekuwa nimejitayarisha kulalamika, nikamshika mkono tukarudi hotelini.

Siku ya tatu asubuhi Mama aliacha fimbo hotelini. Nilipomuuliza akasema haitamfaa anakokwenda. Tulipofika alimwambia Nassor asimame nje, ageuke, ashike mlango, asiingie mtu wala yeye mwenyewe asichungulie. Halafu akajifunga abaya yake vizuri, akaipa ngazi mgongo, akakaa kidato cha kwanza. Akabonyeza mikono, akajiinua, akakaa kidato cha pili.

"Mama, unafanya nini?"

"Shika miguu yangu, usiongee."

Basi ndivyo alivyopanda, kitako kwa kitako, anasoma Bismillahi kila kidato, na mimi chini yake nasukuma nyayo zake kwa mabega. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini wahenga hawakusema kitu juu ya mtaka cha ghorofani. Mgongo wangu umekufa. Ghorofa ya kwanza alipumzika, akaomba maji. Alipokaribia ya pili akatoka yule mwanamume wa pale, kijana mwenye ndevu anataka kwenda kazini, akakuta ngazi imezibwa na bibi wa Kiomani. Mama akamnyanyulia kiganja asubiri. Kijana akakaa chini mlangoni kwake akasubiri, na tulipompita akatupigia makofi. Nilikuwa nusu nacheka nusu natokwa na machozi ya uchovu na hasira, maana akiteleza tunakwenda sote wawili mpaka kwa Nassor.

Juu, Khaloo alikuwa nyuma ya kizingiti chake, hakukivuka hata kwa kidole. Kainama, kanyoosha mikono, anaita, "Dada, Dada, bado kidogo, Dada." Mama alifika kinyumenyume, akaangukia ndani ya nyumba chali kwenye mikono ya mdogo wake, wakabaki hapohapo sakafuni. Mlango wameuziba, mimi sina pa kupita. Nikakaa kwenye ngazi nikasikiliza. Hawakusema kitu cha maana. Khaloo alikuwa anarudia tu, "Umekuja, umekuja." Nami nililia, nimekaa na vumbi usoni.

Siku ya nne ndiyo ya kurudi. Mama alilala kwa Khaloo, jambo la kawaida, nikapanda asubuhi kumchukua. Nikamkuta jikoni anakaanga vitunguu.

"Mama, tujitayarishe. Kushuka kutachukua muda."

"Sishuki," akasema.

Nilidhani ni mzaha. "Mpanda ngazi hushuka, Mama. Maneno ya wahenga hayo."

"Basi wahenga washuke. Mimi nakaa na Asya mpaka amalize eda."

Jamani, nilipandisha mori. Nilimwambia yote: tiketi, dawa za presha, daktari wake Maskati, kaka yangu atasema nini, watu watasema nini. Visa yake miezi mitatu ilitosha, kwa hilo sikuwa na hoja, kwa hiyo nikapiga kelele zaidi kwenye mengine. Nikamwambia kwamba hii ilikuwa likizo yangu, ya kwanza, na sijapanda hata mashua! Mama aliendelea kukoroga vitunguu vyake.

"Khaloo, mwambie," nikasema.

Khaloo alikuwa kasimama pembeni yake. "Nenda, Dada," akasema kwa upole. "Una wajukuu. Mimi nimezoea. Nenda na mwanao, usimuudhi."

Maneno yalikuwa hayo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa nguo ya Mama, kwa nyuma, kaukunja ndani ya ngumi, na alipokuwa akisema nenda alizidi kuukaza. Nadhani mwenyewe hakujua. Mimi nikauona. Nikashuka kutafuta duka la dawa.

Tulipoondoka Hanneke aliniahidi kwa ishara na Kiingereza kwamba atapanda kila siku. Watoto wakapiga kelele, "Bibi, kwaheri!" Vichwa viwili vikatokeza dirishani, vimejifunika. Mama akanikumbusha kwa sauti ya mtaa mzima kwamba freezer ya nyumbani haifungi vizuri. Nassor akafuata gari lake gereji, akaliendesha mpaka uwanja wa ndege kwa fahari zake zote, nami sikumsemesha mpaka tumeruka.

Maskati tulitua alfajiri, joto likatupokea mlangoni. Kaka yangu alikuwa kaja kumpokea Mama. Akatuhesabu kwa macho, akahesabu tena.

"Mama yuko wapi?"

"Ghorofa ya tatu," nikamwambia.

Mliyoyasikia baada ya hapo mengi yametoka kwake. Ati nimemtupa mama yangu Ulaya. Ati tuligombana. Tuligombana, ndiyo, na nimeshindwa. Wanaoniuliza nimejifunza nini huko nawajibu hivi: msikodi gari, msile biskuti ya kwanza mkidhani ya pili inakuja, na msimchukue mama yenu safari mkidhani ni yenu. Na mwezi wa tisa mimi ndiye nitakayerudi kumteremsha kwa vidato vilevile, nami mgongo bado haujapona.

Wiki iliyopita, saa ya mapumziko kazini, nilimpigia simu nikiwa na malalamiko tayari: kaka kanisema tena, freezer imeharibika kweli, dawa nani anampimia. Simu ikapokewa. Sikumaliza hata salamu.

"Sema taratibu," akaninong'oneza Mama. "Asya kalala."

Akakata.